Kijivu Kilichorowa

Huwa nawacheka wanaohangaikia rangi ya bafu. Juzi, katika duka la rangi huko Ruwi, ng'ambo, mama mmoja alikuwa akichagua kijivu cha wastani. Anahamia kwa binti yake, na bafu litakuwa lake.

"Vyote sawa, mama. Chagua tu," binti alisema, akitazama simu.

Mama akaimwagia kadi moja ya sampuli za rangi maji ya chupa, rangi ikakolea. Akafumba macho, akainusa.

"Hii. Kama sakafu ya bafuni kwetu Unguja ikisharowa. Marehemu mama alikuwa akinikogesha pale."

Binti akaiweka simu mkobani. "Na ukuta ukikauka, mama?"

"Ntakoga tena."

Mimi nilikuwa nimefuata rangi nyeupe ya dari. Nilirudi mikono mitupu, nikijaribu kukumbuka sakafu ya kwetu.