Posa Kwenye Boksi la Bluu

Muulize huyu bodaboda wetu amebeba nini kwenye lile boksi la bluu, hatakujibu kweli hata siku moja. Juzi alisema ni samaki, migebuka ya Kasanga, jana keki ya kipaimara. Makohozi ya watu wanaopimwa kifua kikuu hayataji kamwe. Anafunga boksi kwa mipira, anapigapiga kifuniko kama anambembeleza mtoto, halafu anapanda nalo mlima hadi maabara ya Sumbawanga mjini.

Leo Bibi Kalista, anayelala chumba kimoja na wajukuu zake, alituletea hapa zahanati ya Milepa kikopo cha mate matupu. Kukohoa mbele za watu, kwake ni aibu. Mimi nesi nilishamwelekeza akohoe kutoka kifuani mpaka nikachoka. Jamaa wa bodaboda akakiinua kikopo juani.

"Bibi, mate haya nikabandikie stempu?"

"Nenda zako, mjukuu mbaya!"

"Mjukuu wapi? Nimekuja kukuposa. Marehemu babu kaniachia mwenyewe, anasema unakoroma."

Bibi akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, kicheko kikageuka kikohozi, kile chenyewe cha chini kabisa kifuani. Jamaa alikuwa keshasimama upande upepo unakotokea, kikopo kipya mkononi, kifuniko wazi.

"Hapo hapo, mchumba! Toa yote!"

Alipokifungia kikopo kwenye boksi na kuwasha pikipiki, muuza vitumbua wa getini akamuuliza amebeba nini.

"Posa yangu. Imekubaliwa."

Bibi akajifuta mdomo kwa kanga. "Ukichelewa na majibu," akampigia kelele, "naolewa na mwingine!"