Ng'ombe wa Shangazi na Mdomo wa Wakili

Mpaka leo nikipita mbele ya ofisi ile pale Musoma mjini, natema mate. Kweli kabisa, natema.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zimerudi madukani, na mawakili nao wanafungua ofisi huku wamevaa suti za mitumba. Shangazi yangu wa Butiama alikuwa amefiwa na mume, na shemeji yake anadai ng'ombe wote ni wa ukoo. Shangazi akafanya wanavyofanya wafugaji wa kwetu: sehemu ya ng'ombe akawaweka kwa rafiki yake kijijini Nyamuswa, wachungwe huko kimya kimya. Hao ndio walikuwa chakula cha watoto wake. Hata mimi sikujua.

Kesi ilipoanza nikampeleka kwa wakili. Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha kuungaunga, basi nikawa mkalimani. Wakili akasema, "Mama, usinifiche kitu. Yakiingia humu hayatoki." Shangazi akasema yote, mpaka jina la rafiki.

Haikupita wiki, shemeji akaenda moja kwa moja Nyamuswa na vijana wake, akawaswaga ng'ombe wote mchana kweupe.

Nikaenda ofisini nimefura, shangazi akabaki nje kwenye benchi. Yule bwana hata aibu hakuwa nayo. "Shemeji yake ni mtu wangu wa Bunda. Tulikuwa tunapata bia, maneno yakatoka. Ndiyo dunia, bwana mdogo." Akacheka! Huku anachokonoa nyama kwenye meno kwa njiti. Nikamwambia namshtaki kwenye kamati ya mawakili.

Hapo akainuka haraka, akatoka nje, akamshika shangazi bega kwa upole kabisa. "Pole, mama. Vijana wa siku hizi hawana siri."

Mshenzi! Mtu mzima na tai shingoni!

Njia nzima ndani ya basi nilimwapia shangazi kwamba si mimi, kwa marehemu babu, kwa Mungu. Alikuwa anaangalia dirishani tu.

Karani wa mahakama alitushauri tubadilishe wakili na tuandike malalamiko. Tukampata mwingine, mama mmoja mtaratibu. Akafungua faili, akamwomba shangazi aeleze tangu mwanzo nani aliambiwa nini.

Shangazi hakunisubiri nitafsiri. "Nitasema," akamwambia. "Lakini huyu atoke kwanza."

Nikatoka.