Goti la Nanga na Miezi ya Kusubiri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa bati wa ukumbi wa mazoezi umeshafunguliwa. Wanaume sita wanabebana na kubwagana juu ya magodoro ya bluu. Pembeni, karibu na ukuta, mwanamke mmoja amelala chali, taulo limeviringishwa chini ya goti lake la kulia. Anakaza paja, anahesabu mpaka kumi, analegeza. Anarudia.

Ndiye pekee humu ndani mwenye mkanda wa ubingwa, na ndiye pekee asiyeruhusiwa kukabana na mtu.

"Wageni wakiingia wanadhani nilikuja kufanya usafi, nikachoka, nikajilaza," anasema. Hacheki.

Wenzake wanamwita Nanga, kwa sababu akishakuangusha chini hunyanyuki. Ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Mapigano mchanganyiko, mchezo wa ngumi, mateke, mieleka na kukabana ndani ya kizimba cha wavu, ndiyo kazi yake kwa mwaka wa nane sasa. Amepigana mara kumi na mbili, akashinda tisa.

Mwaka juzi, wakiwa mazoezini, mwenzake alimwangukia mguuni.

"Nilisikia kama kijiti kimevunjika. Nikawa naangalia huku na huku, nakitafuta," anakumbuka. Ilikuwa ni kano ya ndani ya goti lake, imekatika.

Alifanyiwa upasuaji. Mtaalamu wa tiba ya viungo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwambia asiwaze pambano kabla ya miezi tisa. Lakini ilipofika mwezi wa sita tangu upasuaji, goti halikuuma tena. Nanga alikuwa anakimbia, anaruka kamba, anapiga mateke. Ndipo promota akapiga simu: mpiganaji mmoja ameumia, nafasi ipo, tena kwenye pambano kuu.

Kocha wake, mwanamieleka wa zamani asiye na maneno mengi, alimuuliza swali moja tu: "Yule mama amekuruhusu?"

"Nikamwambia ndiyo." Nanga analisogeza taulo chini ya goti. "Nikiwa namwangalia machoni kabisa."

Raundi ya pili, hakupigwa na mtu. Aligeuka tu kukwepa ngumi, goti likashindwa kumbeba, kano ikakatika tena. Kocha akarusha taulo kusimamisha pambano. Hospitalini, mtaalamu alipouliza nani aliruhusu pambano lile, kocha alimgeukia Nanga, akamtazama, kisha akatoka nje. Hakuonekana kwa wiki tatu.

Siku aliyorudi, alimkuta Nanga sebuleni kwa mama yake, mguu umewekwa juu ya mto.

"Nilimkaribisha kiti, akakataa. Nikamkaribisha chai, akakataa," anasimulia mama mzazi, fundi cherehani. "Nikajua leo kuna jambo. Nikaingia chumbani kwangu, lakini sikufunga mlango, nisikudanganye."

Kocha anayakumbuka maneno yake vizuri. "Nilimwambia, hilo goti daktari atalishona. Lakini mimi nimemfungulia mgonjwa mlango wa kizimba kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo nalipeleka wapi?"

"Sikulia upasuaji wa kwanza, na wa pili sikulia," anasema Nanga. "Siku ile nililia mpaka nikashindwa kuomba msamaha."

Daktari wa mifupa alishamweleza wazi: goti hilo likikatika tena, kazi imekwisha. Kocha naye alitoa sharti. Kila Jumatatu mtaalamu anaandika kwenye daftari mazoezi yanayoruhusiwa. Kisichoandikwa hakifanywi, hata kama ni kuruka kamba mara moja.

Wiki za mwanzo daftari lilikuwa na mstari mmoja: kaza paja, legeza. Ilimchukua siku kumi na tisa kuunyoosha mguu mpaka mwisho. Paja la kulia lilikuwa limepungua sentimita tano. Mama yake ndiye aliyelipima, kwa utepe wake wa kushonea, na akaendelea kulipima kila Jumapili.

"Nimepima mabibi harusi wangapi kwa utepe huu," anasema mama. "Nikamtania, huu mguu umekonda kuliko shemeji yako. Akacheka. Mimi nikaenda jikoni kufuta machozi."

Leo ni mwezi wa nane tangu upasuaji wa pili. Tofauti imebaki sentimita moja. Nanga analala mapema, anapima chakula chake, na jioni anafundisha wanawake wanaoanza mchezo, akiwa ameketi kwenye kigoda, anaelekeza kwa mdomo na mikono.

Wiki mbili zilizopita, promota alipiga tena. Mpinzani ni yule yule wa pambano lililomvunja, na safari hii mshindi anawania ubingwa wa juu zaidi.

"Nikamwambia siwezi. Akasema, dada, nafasi kama hii hairudi. Nikamwambia najua." Alikata simu. Kisha akamfuata kocha, akamweleza neno kwa neno, kabla hajaulizwa.

Kocha alikuwa anafunga glovu za mwanafunzi mwingine. Alimaliza kuzifunga kwanza.

"Sawa," akamwambia. "Umebakiza seti mbili."

"Watu wengine wangetaka pongezi," anasema Nanga. "Mimi nilienda kumaliza seti zangu za mazoezi nikiwa mwepesi. Kumbe alikuwa ameniamini."

Baada ya wiki tano atafanyiwa kipimo: kuruka kwa mguu mmoja, kulia kisha kushoto. Mguu wa kulia ukifikia asilimia tisini ya mwenzake, ataanza tena kukabana na watu. Usipofikia, atasubiri miezi mitatu mingine. Mpango wake ni kupigana miaka miwili, kisha asomee ukocha.

Na kipimo kikimkatalia?

Nanga anafuta jasho shingoni, anaangalia wenzake wanavyobwagana.

"Nitamwambia kocha kimenikatalia," anasema. "Siku hiyo hiyo."