Mwanamume Asiyeinuka Pombeni

Pale Mwika, mlimani Kilimanjaro, Ildefonce alisifiwa kwa jambo moja la kipuuzi: aliweza kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu mchana hadi mtungi ukauke bila kuinuka kwenda migombani kukojoa. Wazee wenzake waliona huo ndio uanaume. Mimi, mzaliwa wa hapo niliyekuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali moja mjini Moshi, niliona ni kibofu tu, na kibofu hakina cheo.

Mwaka 1952 kibofu hicho kilichoka na sifa. Mkojo ukawa unakatika, unadondoka, na yeye anasimama mgombani akingoja weee. Mwenye akili hapo ndipo humwendea daktari. Ildefonce aliacha kunywa maji, akamlaumu mkewe, Theopista, kwamba anamtilia kitu kwenye mtori.

Siku mkojo ulipogoma kabisa, alilala tumbo limevimba na kukataza asiitwe mtu. Theopista akampuuza, na alifanya vema. Aliita vijana, wakamteremsha kwa machela hadi barabarani, lori la kahawa likamleta Moshi.

Nilimwingizia mpira wa mkojo. Ndoo ilipoanza kujaa, mzee mzima akalia kwa nafuu. Alipofuta machozi tu, kiburi kikarudi.

“Mwanangu, huko nyumbani useme nilikuwa na kichomi.”

“Mimi sitangazi siri ya mgonjwa, mzee. Lakini wewe waambie wenzako. Tezi hiyo iliyoziba njia yako, wanaume wengi wa umri wako wanayo.”

“Mimi si mtoto mchanga, mkojo wangu usimuliwe!”

Daktari akampasua, akaitoa tezi. Baada ya wiki kadhaa Ildefonce alipanda Mwika amenenepa, na kichomi chake mdomoni.

Jirani yake, Wenseslaus, rika lake tangu utotoni, alikuwa ameanza kuugua vilevile. Yaliyofuata nilisimuliwa na mkewe, Salvina. Wenseslaus alimfuata rafikiye kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake, kofia mkononi, akamwambia, “Ndugu yangu, mkojo wangu unadondoka, na sasa una damu. Wewe ulitibiwaje?”

Ildefonce alimtazama kwa dharau. “Unadondoka? Basi umezeeka, bwana. Mimi niliumwa kichomi.”

Wenseslaus akarudi kwake na aibu, akajifungia nayo. Alikufa kabla ya kahawa kuiva, mkojo umeziba, na mpira wa kumwokoa ulikuwa Moshi, mwendo wa lori moja tu. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo mtupu. Ildefonce alificha yake, kifo kikamchukua mwenzake.

Nilipanda kwenda msibani. Ildefonce alikuwa amekalishwa mbele, kata ya mbege mkononi, akinywa kwa kumbukumbu ya marehemu. Alikunywa mpaka mtungi ukaisha, wala hakuinuka hata mara moja.

“Unamwona?” mzee mmoja akaninong'oneza kwa fahari. “Wanaume wa namna hii wamekwisha.”

Salvina alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa na la kusema, nikanywa mbege yangu. Tangu siku hiyo, nikimdharau Ildefonce, najikuta nimejidharau na mimi.