Mwezi Nilioutangaza Mimi

Mimi hata nikiitwa, "naam" yangu huisikia mwenyewe tu. Tena ilikuwa Ramadhani, shetani kafungwa, kwa hiyo aibu hii ni yangu peke yangu.

Nafagia nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, Mji Mkongwe. Ukumbini alikuwa ametundika picha ya mwezi, kubwa, ndani ya fremu, iliyopigwa na chombo cha angani kikipita. Mwezi wenyewe mwembamba kama ukucha.

Jioni ya mwezi ishirini na tisa, baada ya kufuturu, wote nyumbani, na imamu wa msikiti wetu, walipanda juu ya paa kutazama kama Idi ni kesho. Mimi nilibaki ukumbini nikikusanya vikombe. Nikatupa jicho kwenye kioo cha dirisha, nikauona. Nikapiga ukelele: "Umeandama!"

Jirani akaanza takbiri. Watoto wakaitikia uchochoroni. Bi Zuhura akashuka mbio pamoja na imamu, yeye simu mkononi, tayari kupeleka habari.

"Umeuona kwa macho yako, mwanangu?"

"Naam, sheikh. Ule pale."

Akatazama dirishani. "Alhamdulillahi," akasema, akaanza kubonyeza namba.

Bi Zuhura naye akasogea auone. Mwezi ukapotea, mahali pake ukatokea mtandio wake. Akarudi nyuma, mwezi ukarudi.

Sheikh akakata simu. Akageuka polepole kuitazama picha ukutani nyuma yetu, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, mwezi wako una msumari."

Nje watoto washaanza kuimba Idi.

"Nenda," Bi Zuhura akaniambia, "kawaambie wewe mwenyewe. Na kwa sauti ile ile."