Ihifadhiwe Mpaka Apatikane Mwingine

Kwa miaka minane Mwalimu Rogathe Aminieli aliamini kwamba Kiingereza chake hakikutosha. Hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, baada ya kusubiri barua kuanzia Machi hadi Septemba mwaka 1988 na barua isije.

Mwaka huo alikuwa na miaka thelathini, mwalimu pekee wa Kiingereza katika sekondari ya wazazi ya Vurangeni, juu kabisa milimani, mahali ambapo anayetaka kwenda Same hudamka na lori la tangawizi, na akilikosa hushuka kwa miguu. Shule hiyo ilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila Alhamisi alfajiri pembe ilipigwa, na kila nyumba ikatoa mtu wa kubeba mawe, mchanga au maji. Asiyetokea alitozwa jogoo, akirudia, mbuzi. Mpiga pembe alikuwa Mzee Aminieli, baba yake Rogathe, na watu walisema angeweza kumtoza hata maiti. Siku mke wake alipojifungua mtoto wa nne na yeye akachelewa kufika kazini, alijitoza jogoo mwenyewe, akamburuta kwa kamba hadi kwa katibu wa kijiji.

Rogathe alifundisha watoto themanini kwa vitabu sita. Miaka hiyo sabuni ilipatikana kwa foleni na chaki kwa bahati. Zilipokwisha aliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Jioni aliandika hadithi kwa Kiingereza, kwenye kurasa tupu za madaftari yaliyoachwa na wanafunzi waliomaliza. Zilikuwa hadithi za watu wa pale: mwanamke anayeshinda shambani akifukuza ngedere, bibi harusi aliyekataa kuteremka kwenye lori.

Kisha mwalimu mmoja aliyetoka likizo Dar es Salaam akamletea kijitabu cha masomo ya shahada ya Kiingereza. Alikisoma mpaka kikakatika mgongo. Mwaka wa kwanza, sarufi na fasihi ya Afrika. Mwaka wa pili, tamthilia na mawasiliano. Mwaka wa tatu palikuwa na kozi aliyoiwekea kidole asiamini: uandishi wa kubuni. Jambo alilokuwa akilifanya kwa kujificha, kama mlokole anayenusa ugoro, kumbe lina mhadhiri, ratiba na mtihani.

Alifanya mtihani wa waombaji watu wazima mjini Moshi mwezi wa pili. Alirudi akiwa na uhakika, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu.

Barua zote za shule zilifika kwenye sanduku la posta pale Same, na ufunguo ulikaa kwa mkuu wa shule, Mwalimu Tumainieli. Hata hivyo kila siku ya gulio Rogathe alishuka kuuliza dirishani. Karani, kijana aitwaye Rodrick, alianza kucheka akimwona angali ng'ambo ya barabara.

"Shemeji, huyo mchumba wako bado hajaandika!"

"Angalia vizuri wewe. Bahasha ndefu, ya kaki."

"Mwalimu, mimi kazi yangu kutumbukiza. Ufunguo anao bwana mkubwa wenu. Mbane yeye."

Alimuuliza. Mwalimu Tumainieli alikuwa Mlutheri mnyoofu, mtu ambaye hakuweza kusema uongo hata kwa mkaguzi. Alitazama nje, akasafisha miwani, akasema, "Rogathe, siku yake ikifika utaipata." Rogathe aliyachukua maneno hayo kama ya kumfariji.

Septemba masomo ya chuo yakaanza. Jirani yake, Mama Dorkas, alimkumbatia kisimani. "Pole mwanangu. Mungu ana makusudi yake." Kanisani watu walimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baba yake alimletea mkungu wa ndizi na galoni ya mafuta ya taa, kitu adimu mwaka ule, akaviweka mlangoni na kuondoka kabla hajakaribishwa.

Hakuomba tena. Aliyepimwa akapungua, alisema, harudi mizanini kila mwaka. Madaftari ya hadithi aliyawashia moto, moja baada ya jingine, majira ya mvua kuni zilipokuwa mbichi.

Miaka ikaenda. Mabasi ya watu binafsi yakajaa barabara kuu, Same ikafurika mitumba na redio za kaseti, na walimu kadhaa wakatupa chaki kwenda kuuza tangawizi Dar. Rogathe alibaki. Wanafunzi wake wakafaulu. Mmoja wao, Devotha, binti wa Mama Dorkas, alifika hadi chuo kikuu, akasoma shahada ileile. Oktoba 1996 alirudi kijijini na cheti chake, akakubali kazi palepale alipofundishwa. Alimwamkia Rogathe kwa kupiga goti, na katika chumba cha walimu alisita kukaa mpaka Rogathe akae.

Wiki hiyo Mwalimu Tumainieli alimwita Rogathe ofisini. Mezani palikuwa na daftari la mihtasari ya vikao, limefunguliwa. Juu yake palilala bahasha ndefu ya kaki, imechanwa kwa wembe, vizuri, upande mmoja.

"Kaa, Rogathe."

"Nimekaa, mwalimu."

"Devotha amesaini mkataba jana. Kwa hiyo azimio la nne limetimia. Nina wajibu wa kulitekeleza."

Akamsogezea daftari. Kikao cha dharura cha kamati ya shule, tarehe 19 Mei 1988. Azimio la nne: barua ya Mwalimu Rogathe ya kuchaguliwa chuo kikuu, iliyopitia kwa mkuu wa shule, ihifadhiwe mpaka apatikane mwalimu mwingine wa Kiingereza. Wajumbe wote wameafiki.

Zilifuata sahihi kumi na moja. Ya saba iliandikwa kwa herufi kubwa zilizoegemeana kama watu waliochoka: AMINIELI, na ile N imegeuzwa. Rogathe ndiye aliyemfundisha kuziandika, mwaka 1974, katika darasa la elimu ya watu wazima, yeye akiwa na miaka kumi na sita. Walipigana na ile N mwezi mzima, wakacheka, wakaiacha hivyo.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Tungekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema naenda."

"Ndiyo maana," alisema Mwalimu Tumainieli.

Rogathe alimkuta baba yake uani, akiipaka ile pembe mafuta ya kondoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Leo hakuna vipindi?"

Alimwekea barua gotini. Mzee hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini bahasha aliitambua. Akaweka pembe chini.

"Tumainieli ameitoa."

"Ameitoa."

"Tulisema mpaka apatikane mwingine. Si amepatikana?"

"Baba, nilidhani nimefeli."

Kuku alipita kati yao akidonoa.

"Mama Dorkas nilimtoza mbuzi akiwa na mimba ya miezi minane," alisema mzee hatimaye. "Mchungaji nimemtoza. Siku ile ya kikao wote wananitazama, mimi mpiga pembe. Kila mtu ametoa chake. Niseme changu kisiguswe?"

"Mimi si jiwe, baba."

"Jiwe lingekuwa rahisi."

"Mngeniambia, basi. Hata mwaka wa pili. Hata wa tano. Ningeomba tena."

"Kila mwaka nilisema mwakani. Halafu nikaona hukai tena na yale madaftari yako jioni. Nikaogopa kuuliza kwa nini."

Rogathe aliichukua barua, akaondoka. Toka siku hiyo alipita mlangoni kwa baba yake, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, basi. Krismasi alimtumia nyama kupitia mtoto wa jirani. Alipanga kwamba akipungua hasira ataingia ndani, atakaa, na atamweleza mzee ile kozi ya mwaka wa tatu ilikuwa ya nini, maana hakuwahi kumweleza. Mwezi wa pili mzee alishikwa na kichomi. Siku ya tatu alifariki, lori likiwa bado linatafutwa la kumshusha hospitali.

Kwa desturi ya kanisa, historia ya marehemu husomwa kabla ya maziko, na huandikwa na mtoto ajuaye kalamu. Wazee wa kamati walikuja nyumbani kwake, wakasimama mlangoni bila kuketi, na aliyekuwa na kofia akaivua. Hakuna aliyeweza kulisema ombi lenyewe. Rogathe alisema, "Nimesikia."

Aliandika ukurasa mmoja. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa kusimulia maisha ya mtu aliouandika tangu ayachome madaftari.

Kanisa lilijaa hadi nje. Alisoma mwaka wa kuzaliwa, wa kubatizwa na wa ndoa. Alisoma kwamba marehemu alijifunza kuandika jina lake mwaka 1974. Alisoma kwamba alipiga pembe ya msaragambo kwa miaka thelathini na moja na hakupendelea nyumba yoyote. Kisha akasoma, kwa sauti ileile ya mistari mingine:

"Mwaka 1988 mtoto wake wa kwanza alichaguliwa kusoma shahada ya Kiingereza chuo kikuu. Marehemu alimtoa kwa shule yetu."

Benchi la mbele wazee wa kamati walitazama viatu vyao. Devotha, ambaye alikuwa kidato cha tatu mwaka huo wa 1988, aligeuka polepole kumtazama mama yake, na Mama Dorkas akajifunika uso kwa kanga.

"Ameacha watoto wanne na wajukuu tisa," Rogathe alimalizia, akakunja karatasi.

Baada ya udongo kurudishwa, watu waliteremka bondeni kuchukua mawe ya kuzungushia kaburi. Siku hiyo hapakuwa na wa kupiga pembe. Rogathe aliwafuata, akachagua jiwe lake, akalibeba kichwani mpaka juu, akaliweka upande wa kichwa cha baba yake.