Nilitaka kumwekea Mwalimu Linux, sauti ya baba yake ikafungiwa ndani ya laptop

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, sijasimuliwa, na makosa karibu yote ni yangu. Naandika kama yalivyo.

Nina stationery hapa Kilosa mjini. Photocopy, passport size, fomu za online, na laptop used ninazozileta kutoka Dar.

Sasa sisi wa stationery tuna mchezo wetu. Mteja akinunua laptop na hana email, tunamfungulia palepale. Jina la kubuni, password moja kwa wateja wote, namba ya simu ya dukani. Laptop ikiwaka, mteja anaondoka. Nani aliwahi kurudi kuulizia email?

Mwalimu Anastazia nilimuuzia hivyohivyo. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Chanzuru, alinifundisha darasa la tatu.

Baba yake alikuja huku akiwa kijana, manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, na hakurudi kwao tena. Kabla hajafariki, Mwalimu alimkalisha mbele ya laptop ile akamrekodi akitaja kijiji alichotoka na ndugu aliowaacha. Mpango wake ni kwenda kuwatafuta, yeye na wajukuu.

Mwaka jana akaniletea, imekuwa nzito.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii nikiiwasha naweza kupika chai nikanywa."

Nikamwambia aniachie, nitaiwekea mfumo mwingine, Linux, pembeni ya Windows, itakuwa nyepesi, na mafaili yake sitayagusa. Akauliza mara mbili, "Sauti ya baba haitaondoka?" Nikacheka. Nikamwambia Mwalimu, mimi ndio kazi yangu hii.

Flash tupu ilikuwa mezani. Kunakili ile sauti ni dakika mbili. Inaniuma mpaka leo.

Linux ikagoma kuwaka. Nikazima Secure Boot, ile kinga inayozuia mifumo migeni, ikawaka, ila wifi hakuna na touchpad haisogei. Nikasoma mtandaoni kwamba BIOS, program inayoamsha mashine kabla ya Windows, kwa model hiyo ni ya zamani. Nika-update. Bado.

Nina tabia mbaya, mashine ikinikatalia nazidi kubonyeza. Nikarudi kwenye BIOS, nikakuta Clear TPM, yaani kufuta chip ya usalama, ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza yes bila kusoma.

Kurudi Windows, screen ya bluu. Weka recovery key, tarakimu arobaini na nane.

Kwa wasiojua: laptop nyingi za siku hizi zinafunga disk zenyewe, kimyakimya. Ufunguo unategemea ile chip niliyoifuta, na nakala yake inatunzwa kwenye akaunti ya email.

Yaani ile email niliyoifungua mimi. Jina nililobuni silikumbuki, nimebahatisha mpaka nimechoka. Line ya dukani ya wakati ule ilipotea, na haikusajiliwa kwa jina langu, hivyo ku-renew nikakataliwa.

Nikaipeleka Mikumi kwa fundi aliyenifundisha kazi. Akaiangalia, akaifunga, akanirudishia. "Dogo, hii haifunguki. Kwa nini hukunakili kwanza?"

Mwalimu alipokuja nikashindwa kusema. Nikamwambia inahitaji muda kidogo. Akakaa kwenye benchi, akafikiri, kisha akasema, "Basi chukua karatasi, uandike ninayokumbuka mimi."

Nikaandika. Majina matatu ya ndugu. Kijiji akakitaja, akasita, akakitaja kwa jina jingine. "Nilijua yamo mle," akasema, "sikuyashika kichwani."

Haikufika nusu ukurasa. Nikaprint, akaikunja akaiweka kwenye kitenge.

Nilichojifunza: kabla ya kugusa BIOS ya mtu, nakili vitu vyake, na uangalie kama disk imefungwa. Na wenzangu wa stationery, acheni kubuni email za watu. Mimi sasa mteja anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, anaondoka na karatasi.

Ila hilo halimsaidii Mwalimu. Kila siku ya gulio akipita anachungulia dirishani.

"Mwanangu, imefunguka?"

Najibu, bado Mwalimu. Anashukuru, anaendelea na safari. Ni miezi minane nasema bado, na najua fika kwamba haifunguki.

Mwenye njia ya kuifungua aniambie, nitamfuata popote. Kama haipo, basi nisaidieni, mngekuwa ninyi mngeanzaje kumwambia?